Loki ya siti, chumvi ya Raskazone na mafuta ya mafundi wa majahazi

Mwaka jana mwezi wa saba, msimu wa machungwa, tulikuwa tunarudi Tanga mjini kutoka Muheza kwenye Celica ya mjomba wangu. Nyuma tulikuwa na viroba viwili vya machungwa. Kabla ya kufika Pongwe mbuzi akakatiza barabara, mjomba akakanyaga breki, mbuzi akapona. Ila mgongo wa siti ya nyuma, upande wa kushoto, ulilala mbele ghafla na kiroba kikaja nao. Aliyekaa pale ni binti wa dada yangu, ana miaka minane. Mkanda ulimshika, siti ikamsukuma kwa nyuma. Alitoka na mdomo uliopasuka na jino moja linalocheza. Tulishukuru Mungu kwamba ni hayo tu.

Sasa msomaji, jambo lililoniuma ni hili: ile loki tulishajua ni mbovu. Miezi miwili kabla, gereji moja (sitaitaja) waliiangalia, wakamwagia oili, wakaigonga kwa nyundo mara mbili tatu, wakasema "imekaa." Na kweli ukiangalia ilionekana imekaa. Kitufe kilikuwa chini, siti imesimama. Mimi mwenyewe, niliyesomea kutu mpaka shahada ya uzamili, niliitazama nikaridhika. Kwa hiyo makala hii ni nusu somo, nusu kukiri kosa.

Kwanza gari lenyewe. Celica iliingia sokoni Japani mwaka 1970, na mwaka 1973 Toyota wakaongeza ile yenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo. Hapo ndipo siti za kulala zilipopata maana kwenye gari dogo la spoti: ukilaza mgongo wa siti, buti na kabini vinakuwa chumba kimoja. Kwetu Afrika Mashariki jina hilo lina uzito wake. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na Celica ilizishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kisha ikarudi kushinda 1990. Mjomba alikuwa kijana anayesikiliza matokeo redioni. Alipopata hela, miaka mingi baadaye, alinunua ya mtumba ya miaka ya tisini kutoka Japani. Shangazi alitaka gari la mizigo. Wakakutana katikati: gari la spoti ambalo siti zake zinalala.

Loki ya siti ni kitu kidogo kuliko kiganja chako. Kwenye bodi ya gari kuna kitanzi cha chuma, kimefungwa kwa bolti. Ndani ya mgongo wa siti kuna kisanduku chenye vipande viwili vinavyozunguka kwenye pini. Kimoja ni ukucha, wenye mdomo unaomeza kile kitanzi. Cha pili ni kigingi, ambacho kazi yake ni kuangukia nyuma ya ukucha na kuuzuia usirudi. Kila kimoja kina springi yake. Ukisukuma siti nyuma, kitanzi kinaingia mdomoni, ukucha unazunguka, kigingi kinaanguka mahali pake: ta! Ukivuta kitufe, kigingi kinanyanyuka, ukucha unaachia.

Unaona basi hatari iko wapi. Loki ikiwa ngumu sana usiweze kuifungua, huo ni usumbufu tu. Utakosa kulaza siti, utanung'unika, maisha yanaendelea. Lakini uleule ugumu unafanya kazi pande zote mbili. Ukucha mzito unaweza kuzunguka nusu njia ukaishia hapo. Kigingi kilichoganda kinaning'inia hewani badala ya kuanguka. Siti inasimama kwa msuguano peke yake, kwa kutu, yaani kwa bahati. Ile "imekaa" ya gereji ilikuwa hivyo.

Na nguvu inayohusika si ndogo. Tairi nzuri kwenye lami kavu zinaweza kupunguza mwendo kwa karibu mita 8 kwa sekunde kila sekunde. Kiroba cha kilo 25 wakati huo kinasukuma siti kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20 hivi. Hiyo ni breki tu. Wanaopima usalama wa siti kwa Kanuni Namba 17 ya Umoja wa Mataifa huweka nyuma ya siti vitalu viwili vya kilo 18 kila kimoja, kisha wanaiga mgongano wa kilomita 50 kwa saa. Mwendo huo ni sawa na kudondoka kutoka karibu mita 10 juu, kama ghorofa ya tatu. Hebu fikiria kiroba cha machungwa kinadondoka kutoka ghorofa ya tatu, na kati yako na hicho kiroba kuna ukucha mmoja wa chuma.

Kwa nini iligoma? Mjomba anaishi Raskazone, na mtu wa Tanga akishasikia hivyo ameshapata nusu ya jibu. Kusi inatoka baharini. Kaskazi nayo inatoka baharini. Mawimbi yakipasuka yanarusha vitone vidogo mno vya maji ya chumvi, upepo unavibeba, vinatua kwenye bati, kwenye nondo, kwenye baiskeli, na kupitia madirishani ndani ya gari. Ukienda Muheza bati hilohilo linadumu zaidi, kwa sababu chumvi nyingi huishia karibu na ufuko.

Chumvi yenyewe haili chuma kama mchwa anavyokula mbao. Kinachohitajika ni maji, na chumvi ndiyo inayoyaita. Chumvi ya kawaida ya jikoni huanza kunyonya unyevu wa hewa na kuyeyuka yenyewe unyevu ukifika kama asilimia 75. Ndiyo maana chumvi ya Tanga haimwagiki vizuri kwenye kikopo wakati wa masika. Lakini chumvi ya bahari ina magnesi kloridi pia, na hiyo hunyonya unyevu hata hewa ikiwa na asilimia 33 tu. Pwani yetu ni nadra hewa kukauka kiasi hicho. Kwa hiyo ndani ya loki ya gari la Raskazone kuna utando mwembamba wa maji ya chumvi karibu muda wote, hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima na gari linalala chini ya paa.

Halafu kuna suala la mwanya. Miaka ya 1920 Ulick Evans, mwanakemia wa Cambridge, aliweka tone la maji ya chumvi juu ya kipande safi cha chuma na kukitazama. Ungedhani chuma kitaliwa pembeni ya tone, kwenye hewa nyingi. La. Kililiwa katikati, mahali oksijeni inapofika kwa shida, na kutu ikajitokeza kama pete kuelekea ukingoni. Chuma chenye oksijeni nyingi na chuma chenye oksijeni kidogo vinafanya betri, na anayelipa gharama ni yule mwenye oksijeni kidogo. Sasa rudi kwenye loki: mahali penye hewa kidogo kuliko pote ni kati ya ukucha na pini yake. Nje unaona chuma safi, bado kina rangi ya dhahabu ya kiwandani, kumbe panapozungukia pameliwa. Na kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Kwenye mwanya wa sehemu ya milimita, hiyo inatosha kukaba kila kitu.

Ile rangi ya dhahabu ni zinki iliyopewa tabaka la kromiamu, na ina historia ya baharini. Mwaka 1824 Humphry Davy alijaribu kulinda shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza kwa kubandika vipande vya zinki na chuma. Shaba iliacha kuliwa kabisa. Tatizo ni kwamba shaba ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo huwaua viumbe wanaonata kwenye meli. Ilipoacha kuyeyuka, meli zikaota makombe kama mwamba. Jaribio zuri, matokeo ya kuchekesha. Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kufunika chuma kwa zinki, na huko ndiko yalikotoka mabati yetu. Zinki inajitoa mhanga ili chuma kipone. Ila inakwisha, na loki ya mjomba ina karibu miaka thelathini.

Ninachopenda zaidi katika habari hii ni kwamba pwani yetu ilikuwa na ugomvi na chumvi zamani sana kabla ya gari. Katika karne ya kwanza mfanyabiashara wa Kigiriki kutoka Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi unaoitwa Periplus. Soko la mwisho alilolitaja upande wetu ni Rhapta, na anasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Kwa Kigiriki neno hilo linahusiana na kushona. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wanahistoria bado wanavutana. Wapo walioiweka Pangani, wapo wanaosema Rufiji. Mimi ni mtu wa Tanga, unajua nitapigia kura wapi, lakini kura si ushahidi.

Vyombo hivyo vya kushonwa viliendelea kwa karne nyingi. Mtepe wa Waswahili ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari ya chuma. Watu wa Vasco da Gama mwaka 1498, walipofika Msumbiji, waliandika kwa mshangao kwamba mbao za vyombo zimeshikwa kwa kamba, hakuna msumari. (Meli yao mmoja, São Rafael, yenye misumari yote, ilipanda mwamba karibu na Tongoni, kusini kidogo ya Tanga. Januari 1499 waliichoma moto hukohuko kwa kuwa mabaharia waliobaki walikuwa wachache mno kuiendesha.) Kwa nini kushona? Wasafiri wa kale walipenda hadithi ya milima ya sumaku baharini inayong'oa misumari. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa na jibu la kiakili zaidi: bahari ina miamba mingi, chombo cha kushonwa kinapinda, cha misumari kinavunjika. Kutu nayo ilikuwa sababu, na chuma kilikuwa ghali. Maoni yangu ni kwamba bei ilichangia kuliko kutu, kwa sababu misumari ilipopatikana kwa urahisi mafundi waliipokea, pamoja na kutu yake.

Lakini hata kwenye misumari hawakuiacha bahari ifanye itakavyo. Mbao za jahazi zilipakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayonuka mpaka mtaa wa pili. Chini, panapokaa majini, palipakwa deheni: shahamu, yaani mafuta ya mnyama, yakachanganywa na chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe. Ukikulia karibu na bandari ya majahazi unaijua harufu hiyo bila kuambiwa jina.

Kuhusu deheni nilisoma tangu utotoni bila kufikiri. Siku ya kwanza nilipofundishwa jinsi grisi inavyotengenezwa, niliweka kalamu chini. Grisi si mafuta mazito. Grisi ni mafuta mepesi yaliyonaswa ndani ya wavu wa sabuni, kama maji ndani ya sifongo. Na sabuni ni nini? Ni mafuta ya mnyama au mmea yaliyokutana na alkali. Ukitumia soda unapata sabuni ya kufulia, inayoyeyuka kwenye maji. Ukitumia chokaa unapata sabuni ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki kwenye maji hata uikoroge. Shahamu pamoja na chokaa! Deheni ya fundi wa jahazi ilikuwa ndugu wa damu wa grisi ya kalsiamu, ambayo viwanda vya Ulaya viliitengeneza karne ya 19 kwa ajili ya ekseli na mashine, na ambayo mpaka leo inasifika kwa kukataa maji. Udhaifu wake ni joto. Grisi ya kalsiamu ya kawaida inalegea ikikaribia nyuzi 90 hivi. Mwaka 1942 Clarence Earle wa Marekani alipata hataza ya kutumia lithiamu badala ya kalsiamu, ikapatikana grisi inayovumilia maji na joto vyote viwili. Hiyo ndiyo grisi nyeupe tutakayoitumia hapa chini.

Usikimbilie kupaka deheni kwenye gari, tafadhali. Chokaa isiyomalizika kuungana na mafuta hubaki kama chembe za mchanga, na loki haitaki mchanga.

Na ile dawa ya kopo la bluu, WD-40, ambayo kila gereji inayo? Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 ili kufukuza unyevu. Jina lenyewe linasema ni kufukuza maji, jaribio la arobaini, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kulinda ngozi ya kombora la Atlas lisipate kutu. Inapenya vizuri sana, inalegeza. Halafu sehemu kubwa yake inapaa hewani na kuacha utando mwembamba. Ndiyo maana ukipuliza leo loki inakuwa laini, mwezi ukiisha imerudi palepale, na safari hii imekosa hata grisi kidogo iliyokuwepo, kwa kuwa umeiosha. Oili chafu ya injini ni mbaya zaidi. Ina tindikali na masizi, inanasa vumbi, na baada ya muda inakuwa gundi. Ndivyo tulivyoikuta yetu.

Kazi yenyewe ilituchukua Jumamosi moja, mimi na mjomba, chini ya mwembe. Tulitoa kwanza kikalio, kisha bolti za bawaba, mgongo wa siti ukatoka mzima. Usijaribu kutengeneza loki ikiwa ndani ya gari. Huoni unachofanya na mafuta yote yanaishia kwenye sponji. Tulifungua kitambaa kwa nyuma, tukapiga picha kila hatua kwa simu (mjomba alisema hana haja ya picha, baadaye aliziomba), tukafungua bolti mbili za loki na kuchomoa fimbo inayoelekea kwenye kitufe. Loki nzima ikaingia kwenye kopo la mafuta ya taa usiku kucha. Mafuta ya taa, si petroli. Mvuke wa petroli na sigara ya jirani ni habari nyingine kabisa.

Asubuhi tuliisugua kwa mswaki wa zamani huku tukiuzungusha ukucha kwa bisibisi. Maji ya kahawia yalitoka mpaka nikaona aibu. Msasa sikuutumia. Ukipiga msasa unaondoa zinki iliyobaki, na kutu inarudi kwa kasi. Tuliosha chumvi kwa maji baridi safi, jambo ambalo mafundi wengi wanaliogopa, lakini mafuta hayaondoi chumvi, na chumvi ikibaki chini ya grisi inaendelea na kazi yake kimyakimya. Kisha tukaikausha juani juu ya bati kwa saa kadhaa, matone machache ya oili nyepesi kwenye pini zote mbili, na grisi nyeupe kiasi cha punje ya mchele kwenye meno ya ukucha na kigingi. Punje ya mchele tu. Grisi nyingi ni nyumba ya vumbi.

Kabla ya kuirudisha, tuliijaribu mkononi: sukuma ukucha kwa bisibisi, lazima usikie ta, na hapo ujaribu kuurudisha kwa nguvu zako zote. Ukirudi, tupa. Springi ikiwa imelegea, au tundu la pini limekuwa la yai badala ya duara, tupa pia, ukatafute nyingine ya mtumba. Gerezani pale Dar hazikosekani. Ya kushoto yetu tundu lilikuwa limeliwa, tukaibadilisha. Ya kulia ilipona.

Tulipoirudisha iligoma tena, mjomba akaanza kuvaa viatu akaite fundi. Kumbe kitanzi kwenye bodi kilikuwa kimesogea milimita chache, nadhani kwa zile nyundo. Tulilegeza bolti zake, tukasukuma siti hadi loki ikaumeza wenyewe na kukiweka kitanzi mahali kinapotaka, ndipo tukakaza. Ikaingia kwa sauti kavu ambayo sikuwahi kuisikia kwenye gari lile.

Binti wa dada yangu alikuja jioni kukagua. Hakuuliza chochote kuhusu lithiamu wala kuhusu Rhapta. Aliegemeza miguu yote miwili kwenye siti ya mbele, akausukuma mgongo wa siti kwa mgongo wake, kisha akatoka, akazunguka kwenye buti, akausukuma kutoka nyuma kwa mikono. Mpaka leo hafungi mkanda kabla hajafanya hivyo, pande zote mbili, hata kama nyuma hakuna chungwa hata moja.